Presha Ipo, Miguu ya Baridi

“Sista, samahani. Hebu njoo umshike mume wangu miguu.”

Ilikuwa saa tisa na robo usiku. Kwa kawaida ndugu hawakai usiku ndani ya wodi ya wagonjwa mahututi, lakini mama huyu alikuwa ametoka kisiwani Kome na mgonjwa wake, hapa mjini Mwanza hana mtu, nami nilikuwa nimemruhusu aingie dakika kumi kila baada ya saa mbili, anawe mikono, akae kwenye stuli. Nilikuwa kitanda cha pili nabadilisha dripu. Nikainua macho kwenye monita ya kitanda namba tatu: presha 108 kwa 62, wastani 77. Oksijeni 96. Mapigo 118, ya mbio, lakini kwa mtu mwenye maambukizi makali sikushtuka.

“Mama, presha yake imekaa vizuri,” nikamwambia. “Usiwe na wasiwasi.”

“Presha siijui, sista. Mimi kazi yangu samaki. Hii baridi ni ya samaki aliyelalia barafu.”

Nitangulize kabisa kwamba yule mvuvi alipona, ili usisome ukiwa na moyo mkononi. Alitoka na mkewe baada ya wiki tatu na siku kadhaa, anachechemea, amepoteza nyama ya shavu la mguu wa kulia, lakini yuko hai. Nimewaomba ruhusa nisimulie, wakaniambia nisimulie ila nisiwataje majina. Hospitali nayo sitaitaja. Mimi ni muuguzi, nina miaka 17 kazini, tisa kati ya hiyo kwenye wodi ya mahututi, na usiku ule mwanamke anayepanga sangara kwenye barafu alisoma mzunguko wa damu wa mgonjwa wangu kabla yangu.

Alifikaje kwetu? Siku sita nyuma, akivuta nyavu usiku, sangara mkubwa alijirusha ndani ya mtumbwi na mwiba wa mgongoni ukamwingia kwenye shavu la mguu. Wavuvi huchomwa kila mara. Akafunga kitambaa, akaendelea na kazi. Siku ya nne mguu ukavimba, siku ya tano akaanza kuongea maneno yasiyoeleweka. Wakamvusha kwa boti, wakapata gari, wakapita Sengerema, wakavuka daraja la Kigongo–Busisi. Zamani hapo Busisi gari la wagonjwa lilikuwa linasubiri kivuko, na mimi nimewahi kupokea watu waliozidiwa hapo majini. Tangu daraja lifunguliwe Juni 2025 ni kilomita tatu za kupita moja kwa moja. Alifika kwetu presha ikiwa 70 kwa 40. Akapewa antibayotiki saa ileile, maji ya dripu, kisha noradrenalini, dawa ya kupandisha presha, kwa pampu ya sindano, na kufika saa nne usiku presha ilikuwa imepanda juu ya lengo, maana lengo letu ni wastani usiopungua 65. Tukapumua.

Kwenye faili lake, kwa mwandiko wangu, kuna mistari mitatu ya usiku ule: saa tano, saa saba, saa nane na nusu. Yote mitatu inasema “hali imetulia”. Nilikuwa nimesoma monita mara zote tatu. Mguu sikuushika hata mara moja.

Nikavua glovu, maana baridi haisomeki juu ya glovu, nikamshika mguu wa kushoto, ule usio na kidonda, kwa mgongo wa mkono wangu. Vidole vya mguu baridi. Unyayo baridi. Nikapanda juu ya kifundo, muundi wote baridi, na joto nikalikuta upana wa vidole vitatu tu chini ya goti. Mama akaniangalia bila kusema kitu.

Nikashika kidole chake cha shahada cha mkono wa kulia nikakibana. Hakikubadilika rangi. Mtu aliyevuta nyavu miaka ishirini ana sugu nene kama ngozi ya ngoma. Unabana, damu iko chini kabisa huko na wewe huioni. Nikahamia mkono wa kushoto, kidole cha pete, ambacho sugu yake ni nyepesi. Nikawasha taa ya simu, nikanyanyua mkono wake usawa wa moyo, nikabana kwa nguvu hadi mnofu ukawa mweupe kama mhogo uliomenywa, nikahesabu kumi kwa saa yangu ya kifuani, nikaachia.

Moja. Mbili. Bado kweupe. Tatu. Pembeni pakaanza kuja wekundu hafifu. Nne. Tano. Kwenye sita ndipo kidole kikafanana na jirani yake.

Wewe unayesoma, jibane kidole sasa hivi. Kwa mtu mzima mwenye afya, kwenye chumba chenye joto la kawaida, rangi inarudi kabla hujamaliza kutamka mbili. Ikizidi tatu tunasema imechelewa. Sita, kwa mtu ambaye monita inasema presha yake ni nzuri, ina maana damu iko kwenye mishipa mikubwa inazunguka, ila huku mwisho haifiki.

*

Mimi nimekulia juu ya mawe, Mabatini. Anayekuja Mwanza mara ya kwanza huona mawe na nyumba zilizopanda juu yake anapiga picha, lakini sisi tuliokulia huko tunajua habari ya maji. Mama alikuwa anatuamsha saa kumi usiku tukinge. Mchana ungeteremka barabarani ungekuta vijana wanaosha magari, bomba linatoa maji mpaka linaruka. Ukipanda kwetu unafungua bomba linatoa upepo. Fundi akija na kipimo chake akakifunga kule chini, kipimo kinasema presha ipo. Na ni kweli ipo. Sisi huku juu tuna ndoo tupu, na hilo nalo ni kweli.

Kuna jambo jingine la mabomba nililielewa nikiwa tayari muuguzi. Ukiwa chini ukabana matawi ya bomba, kipimo cha bomba kuu kinapanda. Mshale unaonyesha vizuri zaidi kuliko mwanzo, na huku juu hata yale matone yamekauka. Dawa kama noradrenalini inabana mishipa. Tunaihitaji, bila hiyo wengi wangekufa mlangoni, maana chini ya kiwango fulani cha presha hata ubongo na figo havipati kitu. Lakini inapandisha namba kwa kubana, na namba iliyopandishwa kwa kubana haikuambii kwamba maji yamefika kwenye ndoo.

Ndoo zetu ni kapilari. Hii mishipa ni myembamba kiasi kwamba seli nyekundu ya damu, yenye upana wa mikroni 7 hadi 8, yaani elfu ya milimita mara saba au nane, inapita mojamoja kwa kujikunja. Hapo ndipo oksijeni inashuka na taka zinapanda. Moyo, ateri, vena, mapafu, vyote vinafanya kazi kwa ajili ya hapo tu. William Harvey alipoandika mwaka 1628 kwamba damu inazunguka, alijua lazima kuna njia ya kutoka ateri kwenda vena, lakini hakuiona. Marcello Malpighi ndiye aliyeiona kwa hadubini mwaka 1661, kwenye mapafu ya chura. Kila ninapofikiria miaka ile 33 kati yao, nawaza kwamba sisi wodini tunaishi humo: tunajua mishipa midogo ipo, tunatibu kama vile tunaiona, na hatuioni.

Mgonjwa akiingia kwenye shoku, yaani mzunguko wa damu ukishindwa kuufikishia mwili oksijeni, iwe ya kutoka damu nyingi, ya moyo kushindwa kusukuma, ya kitu kuziba njia, au ya maambukizi kama huyu, mwili unachagua. Unabana mishipa ya ngozi kwanza ili moyo na ubongo vipate. Ngozi haina namna ya kujitetea kama ubongo unavyojitetea, kwa hiyo inakuwa ya kwanza kunyimwa na mara nyingi ya mwisho kurudishiwa. Kwa muuguzi hilo ni jambo jema sana, kwa sababu ngozi ndiyo kiungo pekee ninachoweza kukishika bila kupasua mtu.

Kwenye maambukizi makali mambo yanaharibika zaidi. Kuta za mishipa midogo zinavimba, seli nyekundu zinakuwa ngumu kujikunja, seli nyeupe zinanata ukutani, vidonge vidogo vya damu vinaganda njiani. Kapilari moja inakimbiza damu kwa kasi bila kushusha mzigo, ya jirani yake imesimama kabisa. Kwa hiyo unaweza kurudisha presha, ukarudisha na nguvu ya moyo, na huku chini bado pamevurugika.

Nimewahi kuliona hilo kwa macho yangu, japo kwenye video. Kwenye mafunzo fulani daktari mgeni alituonyesha picha za kamera ndogo inayowekwa chini ya ulimi. Inamulika mwanga wa kijani, na himoglobini inaumeza mwanga huo, kwa hiyo seli nyekundu zinaonekana nyeusi zikitembea kwenye uwanja mweupe. Ya mtu mwenye afya ilinikumbusha siafu kwenye njia yao: mfululizo, mwendo mmoja, hakuna pengo. Kisha akatuwekea ya mgonjwa wa shoku. Njia zilikuwa chache. Nyingine siafu wamesimama. Nyingine wanakwenda hatua, wanasita, wanarudi nyuma, wanakwenda tena. Wagonjwa wa namna hiyo ndio aliowapima Daniel De Backer na wenzake huko Brussels, wakaandika mwaka 2002: kwa wagonjwa 50 wenye maambukizi makali, sehemu ya mishipa midogo inayopitisha damu ilikuwa imepungua, na walipodondoshea hapohapo dawa ya kulegeza mishipa, mishipa ikafunguka. Maana yake ni kwamba haikuwa imekufa, ilikuwa imefungwa. Niliandika sentensi hiyo kwenye daftari langu nikaichora mstari.

Kamera hiyo kwetu haipo, na hata kwa wenzetu bado ni chombo cha utafiti kuliko cha kila kitanda. Kidole kipo.

*

Kwa muda mrefu kubana kidole kulionekana ni kipimo cha watoto na cha huduma ya kwanza, kitu cha kufanya kabla vifaa havijafika. Kilichonibadilisha mimi ni utafiti ulioongozwa na Glenn Hernández wa Chile, uliotoka mwaka 2019. Walichukua wagonjwa 424 wa shoku ya maambukizi kwenye wodi 28 za mahututi katika nchi 5 za Amerika Kusini. Nusu walitibiwa kwa kufuata laktati, ile asidi inayopanda kwenye damu seli zikikosa oksijeni. Nusu walitibiwa kwa kufuata kidole. Walitumia slaidi ya kioo ya maabara ili waone rangi ikitoka, wanabana mnofu wa kidole cha shahada sekunde 10, wanaachia, zaidi ya sekunde 3 ni tatizo, wanarudia kila nusu saa hadi ikae sawa. Laktati wao walipima kila saa mbili.

Kufikia siku ya 28, kwenye kundi la laktati walikuwa wamefariki 92 kati ya 212. Kundi la kidole, 74 kati ya 212. Watafiti wenyewe walikuwa waungwana, wakasema tofauti hiyo kitakwimu haikufika pale pa kusema kwa hakika kwamba kidole ni bora. Lakini wa kidole walipewa maji machache zaidi na viungo vyao vilikuwa na hali nzuri zaidi baada ya saa 72. Mimi namba hizo nazisoma hivi: kipimo kisichogharimu hata shilingi hakikushindwa na kipimo cha maabara. Mwaka 2021 mwongozo wa kimataifa wa matibabu ya maambukizi makali ukapendekeza kidole kitumike pamoja na vipimo vingine.

Usiku ule laktati yetu haikuwepo. Vibao vya kupimia vilikuwa vimeisha wiki nzima na oda haijafika, jambo ambalo nimelilalamikia mahali panapohusika na nitaendelea kulilalamikia. Lakini hata vingekuwepo, laktati inashuka polepole, saa baada ya saa, na inaweza kupanda kwa sababu nyingine, kama ini bovu au dawa ya adrenalini. Kidole kinaweza kukujibu ndani ya dakika chache. Ukifungua kitu, ukirudi baada ya muda wa kunywa chai kinakuambia.

Nilimpigia daktari wa zamu. Ni kijana, msikivu sana. Nikamwambia, “Dokta, kitanda namba tatu wastani ni 77, lakini kidole ni sekunde sita, baridi imefika chini ya goti, na mkojo saa iliyopita ni mililita 12.” Huo mkojo niliusoma wakati ule ule nikiwa nimeshika simu; kwa uzito wake nilitegemea si chini ya 35. Akanyamaza kidogo. Akasema, “Nakuja, dada.”

Hapa nataka niende polepole, maana ndipo wenzangu wengi wanapokosea, na mimi nimekosea pia. Kidole kikichelewa, mkono unakimbilia kufungua dripu. Ndugu zangu, hapana. Mwaka 2011 ulitoka utafiti mkubwa uliofanyika Uganda, Kenya na hapa Tanzania, watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko kushindwa. Waliomwagiwa maji ya haraka walifariki zaidi: kwenye saa 48 za kwanza ilikuwa asilimia 10.6 na 10.5 kwa makundi mawili ya maji, dhidi ya 7.3 kwa wasiomwagiwa. Mwaka 2017 ukaja wa watu wazima kutoka Lusaka, Zambia: waliofuata utaratibu wa maji mengi mapema walifariki asilimia 48.1, waliopata huduma ya kawaida 33.0. Hizi si hospitali za Marekani zenye mashine ya kupumulia kila kitanda. Hizi ni hospitali zinazofanana na zetu, wagonjwa wanaofanana na wetu, wenye upungufu wa damu, malaria, virusi vya Ukimwi. Maji yakizidi yanaingia kwenye mapafu, yanavimbisha tishu, na tishu iliyovimba inaibana kapilari kutoka nje. Unazidi kuziba kile ulichotaka kufungua.

Kwa hiyo kidole kinauliza swali, hakikupi jibu. Kinasema: huku hakufiki. Kwa nini hakufiki, ni kazi yenu kutafuta.

Daktari alifika na mashine ndogo ya ultrasaundi. Moyo ulikuwa unasukuma vizuri, na mshipa mkubwa unaoingia moyoni ulikuwa unalegea. Akamnyanyua miguu, ile njia ya kurudisha damu ya miguuni kwenye moyo bila kuongeza hata tone la maji, na moyo ukaitikia. Akasikiliza mapafu, makavu. Ndipo akaagiza mililita 500, si lita, na tukakubaliana turudie kidole kila nusu saa. Kisha akafanya kitu ambacho nilitakiwa niwe nimekifanya saa tano: akafungua bandeji ya mguu wa kulia. Uvimbe ulikuwa umevuka alama niliyochora jioni kwa zaidi ya upana wa kiganja, na ukibonyeza kulikuwa na kitu kinacheza ndani. Usaha ulikuwa umejificha chini ya nyama. Chanzo cha moto bado kilikuwa kinawaka na sisi tulikuwa tunamwagia maji ukutani. Akampigia daktari wa upasuaji.

*

Wakati tunasubiri chumba cha upasuaji, nilikata kipande cha plasta nikakibandika kwenye muundi wa mguu wa kushoto, pale pale joto linapoishia na baridi inapoanza, nikaandika kwa kalamu: saa 9:20, sekunde 6. Sijasoma mahali popote kwamba tufanye hivyo. Nilikuwa nimechoka, nilitaka alama ambayo macho ya mtu yeyote yangeweza kuiona hata bila kunisikia. Saa 10:00 kidole kilikuwa tano, na mpaka wa baridi umeteremka upana wa kidole kimoja. Nikabandika cha pili. Saa 10:30 tano bado. Mpaka haujasogea.

Ninasisitiza hii ya kushika mguu kwa sababu ya ngozi zetu. Mwaka 2011 madaktari wa hospitali ya Saint-Antoine huko Paris waliandika kipimo kizuri cha mabaka ya zambarau yanayotokea kuzunguka goti kwa wagonjwa wa shoku, wakayapa alama kutoka 0 hadi 5 kadiri yanavyosambaa, na walioonyesha mabaka mengi ndio waliokufa zaidi. Kwa mgonjwa mweupe ukisimama mlangoni unayaona. Kwa mvuvi wa Kome aliyeungua na jua la ziwa miaka yote, goti halikuonyeshi kitu. Ukisubiri kuona mabaka utasubiri mpaka mwisho. Ngozi nyeusi inasomwa kwa kushikwa, na kwa kuangaliwa upande wa ndani: mnofu wa kidole, kiganja, mdomo. Na taa iwe ya kutosha. Sisi usiku tunapunguza taa ili wagonjwa walale, halafu tunataka kusoma rangi.

Vipo vingine vinavyodanganya. Kina mama wengi wanakuja na hina au rangi ya kucha, kwa hiyo mimi sibani kucha kabisa, nabana mnofu. Mgonjwa aliyetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi mfunike kwanza, subiri. Wazee nao wana sekunde zao: kipimo kilichofanyika Marekani na kuchapishwa mwaka 1988 kilikuta watu wazima wenye umri mkubwa wenye afya zao wakifika hadi sekunde 4.5, kwa hiyo bibi wa miaka 80 mwenye nne usimkimbizie dripu, muulize kwanza jana alikuwa na ngapi. Na watu wawili wakipima bila kukubaliana namna ya kubana watapata majibu mawili. Ndiyo maana nasema kumi za kubana, kwa nguvu ileile, kidole kilekile, na uandike ni kidole gani.

Uandike wapi? Hilo ndilo dukuduku langu la muda mrefu. Chati yetu ya mahututi ina mistari ya presha, mapigo, oksijeni, joto, mkojo, dawa, maji yanayoingia na yanayotoka. Mstari wa kidole haupo. Sehemu moja niliyofanya kazi zamani niliomba tuuongeze, nikajibiwa kwamba chati zinachapwa mbali na haziwezi kubadilishwa kwa sababu ya sista mmoja. Nilichukua rula na kalamu nyekundu nikaanza kuchora mstari mwenyewe kwenye kila chati ya mgonjwa wangu. Nachora mpaka leo. Kile kisicho na mstari kwenye chati hakiulizwi wakati wa kukabidhiana zamu, na kisichoulizwa hakipimwi. Usiku ule nilikuwa nimeuchora ule mstari kwenye chati ya yule mvuvi, kisha, kwa kuwa presha ilikuwa nzuri, nikauacha mtupu kuanzia saa nne hadi saa tisa na robo. Saa tano zaidi za mstari mwekundu usio na namba. Najua nilipokosea.

Saa 11 alfajiri wakamchukua. Nikaenda dirishani kidogo. Mwezi haukuwepo, na usiku wa giza ndio wa dagaa. Taa za wavuvi zilikuwa zimetapakaa ziwani mpaka mbali, nyingine zimesimama, nyingine zinasogea polepole. Mama alikuja akasimama karibu yangu, amejifunga kitenge mabegani. Akaniuliza, “Sista, ile baridi itarudi juu?” Nikamwambia sijui, ila sasa tunaiangalia. Akaniambia kwamba kambini kwao mtoto akiumwa, bibi yake alikuwa hamgusi kichwa. Anamshika nyayo.

Alirudi kutoka kwenye upasuaji saa moja kasoro dakika tano. Wametoa usaha na nyama iliyooza, bakuli zima. Nikasubiri robo saa, nikambana kidole cha pete. Nne. Nikabana tena ili nijiridhishe. Nne. Mkojo kwenye mfuko ulikuwa umeanza kuonekana. Noradrenalini ilikuwa ileile, presha ilikuwa karibu ileile: 104 kwa 60. Kwenye monita hakuna ambacho kingekuonyesha kwamba kati ya saa tisa na saa moja kulikuwa na tofauti yoyote.

Saa moja na nusu nilimkabidhi dada wa zamu ya asubuhi. Kwa kawaida tunaanza na presha. Nikaanza na kidole: kushoto, cha pete, kumi za kubana, sita saa 9:20, tano saa 10:00, tano saa 10:30, nne baada ya upasuaji. Nikamshika mkono nikamwekea juu ya muundi wa mgonjwa, nikaupitisha kutoka chini ya goti hadi kwenye unyayo ili ahisi mwenyewe pale baridi inapoanza. Akatikisa kichwa, akaandika. Nikambandikia cha tatu, nikaenda nyumbani, sikulala.

Jioni niliporudi nilipita kwake kabla hata sijabadili nguo. Mama alikuwa kwenye stuli, amelala ameegemea ukuta. Nikafunua shuka upande wa miguu. Vipande vyangu vitatu vilikuwa pale, vimeanza kukunjamana pembeni. Chini yake kulikuwa na vingine viwili ambavyo sikuvibandika mimi, kwa mwandiko wa mviringo wa yule dada. Cha mwisho kilikuwa juu kidogo tu ya kifundo. Saa 11:40 jioni, sekunde 3.